Mashua ya Saruji ya Mwalubuga

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa sita, Mwasiti alikuwa akichekecha mchanga nyuma ya nyumba yake huko Nyahanga, mjini Kahama. Mwanamke mmoja akashuka kwenye bodaboda, akajipangusa vumbi usoni kwa upindo wa kitenge, akaamkia, kisha akauliza kama fundi angeweza kumjengea tangi refu, lisilo na mfuniko, lenye ncha upande mmoja.

Mwasiti alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: matangi ya maji ya saruji na wavu. Alikuwa ameyajenga shuleni, kwenye zahanati, misikitini na parokiani, kutoka Kahama hadi mpakani mwa Geita, na hakuna hata moja lililovuja. Hakuna aliyewahi kumpongeza kwa hilo, maana watu hawapongezi kitu kisichovuja. Alijua papo hapo kwamba tangi refu lisilo na mfuniko, lenye ncha upande mmoja, ni mashua.

"Sema mashua," alimwambia mgeni. "Jua linapanda, mimi sina nafasi ya mafumbo."

Mgeni akasema ni mashua. Alikuwa ameshawaendea mafundi watatu akaitaja kwa jina lake, nao wote walicheka, mmoja mpaka akakaa chini. Jina lake lilikuwa Limi, mkulima wa Mwalubuga, kijiji kilichoko mbele ya Bugarama upande wa kwenda Geita, na kwao walimwita Mama Vumilia. Alitaka chombo cha kumvusha mume wake, Maganga, pamoja na wenzake kumi, jioni wakitoka kazini. Mwasiti akamuuliza kwa nini wasivuke kwa mtumbwi wa mbao kama watu wengine. Limi akasema mtumbwi wa mbao waliujaribu, ukapasuka katikati, kwa kuwa mume wake ni mzito.

"Mzito kiasi gani?"

"Sijui, fundi. Tangu afe hajapimwa."

Mwasiti aliweka chekeche chini. Kilichomkera ni mtu kutoka mbali kote huko, kuja kuagiza chombo, na uzito wa mzigo haujui. Alimwambia arudi kwao, na kwamba Jumatano atakuja mwenyewe na mizani.

Habari ya Mwalubuga ilikuwa hivi. Kampuni moja iliyoitwa Nzagamba ilikuwa ikichimba shimo la dhahabu pale kijijini. Ilikuwa na wafanyakazi wa kwenye orodha, waliovaa kofia ngumu na kupita getini, na ilikuwa na wengine wasio kwenye orodha, ambao msimamizi aliwaingiza kwa mdomo wa pembeni, uliokuwa mwembamba kiasi kwamba mtu aliingia kwa tumbo. Hao wakiitwa nyoka. Mwezi wa tatu, miaka mitano iliyopita, mvua ilinyesha siku tatu bila kupumzika, tuta la bwawa la juu likakatika, na saa tisa alasiri maji yakaingia shimoni. Nyoka kumi na mmoja hawakutoka. Kampuni iliandika taarifa kwamba wakati wa mafuriko hapakuwa na mtu yeyote chini, ikaambatanisha orodha ya wafanyakazi wake, na kweli kwenye orodha wote walikuwa wazima. Kisha ikafunga virago. Iliacha uzio wa seng'enge, geti, mlinzi mmoja, na yale maji, ambayo yalipanda mpaka yakawa ziwa dogo la upana wa hatua mia mbili.

Mwaka mmoja baadaye wale kumi na mmoja walianza kutoka. Walitoka saa kumi kamili jioni, kwa sababu hiyo ndiyo saa zamu yao ilikuwa ikiisha. Walipanda ukingo wa mashariki, wakakung'uta matope, wakasimama wakiangalia upande wa pili, kwenye nyumba zao, ambako moshi wa chakula ulikuwa umeanza kupanda. Walipoona giza linaingia na hakuna njia, nyuma uzio na mbele maji, walirudi chini. Kesho yake saa kumi walikuwa hapo tena.

Jumatano Mwasiti alifika na guta, nyuma amefunga mizani ya pamba aliyoiazima kwenye chama cha ushirika, ile ya jukwaa inayopima marobota. Aliuzunguka uzio kilomita kumi na nne mpaka getini. Hapo alimkuta mlinzi, mzee Marwa, ameketi kwenye kiti cha plastiki na daftari lake mapajani. Mwasiti alijieleza. Marwa aliandika jina lake, saa aliyoingia, na mizani moja.

Saa kumi wale watu walitoka. Maganga alikuwa mwanamume mfupi, mwenye mabega, ndevu zimejaa unga wa mawe. Alimwamkia Mwasiti, akapanda kwenye mizani bila kuambiwa mara mbili. Mizani ilisema kilo mia tatu na kumi. Maganga alisema siku aliyoingia shimoni alikuwa na kilo sitini na nne.

"Sitini na nne ni zangu," alisema. "Zilizobaki ni mwamba ulionilalia."

Wengine walikuwa hivyohivyo, huyu kilo kumi zaidi, yule kilo kumi pungufu. Mwasiti aliandika zote kwenye kipande cha mfuko wa saruji, akajumlisha, akapata karibu tani tatu na nusu. Alipomaliza akamgeukia Marwa, akamuuliza kwa nini basi watu hawa wasipite hapa getini, wakaenda makwao kwa miguu, badala ya kuhangaisha watu kujenga mashua.

Marwa alisema yeye hamzuii mtu. Lakini kila anayetoka lazima aandikwe katoka, na ili aandikwe katoka lazima awe ameandikwa kaingia. Alifungua daftari la mwaka ule, akamwonyesha ukurasa. Hawakuwemo.

"Unawaona?" Mwasiti aliuliza.

"Nawaona vizuri, mama. Kila siku. Yule wa mwisho huniomba tumbaku."

"Na bado unasema hawakuingia."

"Daftari ndilo linalosema. Mimi nalilinda tu."

Na kwenye maji? Marwa alisema maji hayamo kwenye mkataba wake. Mkataba unasema geti. Mwasiti alitaka kufoka, kama anavyofoka akikuta fundi msaidizi amechanganya saruji na mchanga wa chumvi, lakini hapakuwa na mtu wa kumpigia kelele, maana Marwa alikuwa mpole na alikuwa amesimama kumpisha. Marwa akaandika katoka, saa kumi na moja na robo, mizani moja.

Kazi ilianza wiki iliyofuata, kwenye ukingo wa magharibi, jirani na nyumba ya Limi, ambako Mwasiti alipewa chumba. Alipinda mabomba na nondo nyembamba mpaka zikawa mbavu, urefu wa hatua kumi, upana watu watatu waliolala. Juu ya mbavu alitandika wavu wa kuku, tabaka sita, akawaketisha wake na mama za wale kumi na mmoja ndani na nje, kila mmoja na koleo lake, wakafunga wavu kwa waya mwembamba kila palipo na upana wa vidole vinne. Kwa siku nane kijiji kilisikia koleo tu. Ilipokamilika ilionekana kama kizimba cha kuku wa ajabu, na kila aliyepita alisimama, akaitazama, akauliza kama saruji itaelea.

Aliuliza mwenyekiti wa kijiji. Aliuliza katekista. Aliuliza mwuza samaki, na akauliza tena kesho yake, kana kwamba jibu lilikuwa limechacha. Siku za mwanzo Mwasiti alijibu vizuri. Alichukua bakuli la udongo, akaliweka kwenye beseni la maji, likaelea, akasema kinachoelea si udongo, ni nafasi iliyo ndani yake. Na kwamba meli za Mwanza ni chuma kitupu na hakuna anayezisimamisha kuziuliza. Alieleza kwamba mbao huoza, na zisipooza mchwa wa Mwalubuga hawaachi kitu, na zikisalimika na mchwa, moto unazitaka. Mashua ya mapipa ya kuchomelea walikuwa nayo mwaka juzi, kutu ikaila kwa masika moja. Faiba hutoka mbali, na ikipasuka fundi wake hutoka mbali zaidi. Lakini saruji na wavu ni vitu vya dukani, mikono ni ya kwenu, ikipata ufa unakanda kiganja kimoja asubuhi unaziba, na kadiri inavyokaa majini ndivyo inavyokomaa. Ubaya wake ni mmoja, haipendi kugongwa na jiwe lenye ncha, na hilo hata mtu halipendi.

Kufikia wiki ya pili alikuwa akijibu kwa maneno mawili. Kufikia ya tatu aliliacha bakuli kwenye beseni, likielea mchana kutwa, na aliyeuliza alionyeshwa kwa kidevu.

Siku ya plasta walianza alfajiri, kwa sababu tumbo la mashua lazima lipakwe siku moja bila kuacha. Palipounganishwa plasta ya leo na ya jana ndipo maji hupita. Kijiji kizima kilijipanga mstari. Wengine walikanda, wengine walipitisha karai, na akina mama walisukuma udongo ule wa saruji ndani ya wavu kwa viganja huku Mwasiti akifuata na mwiko, akilainisha, akigonga, akisikiliza mahali penye mlio mtupu. Unene ulikuwa wa kidole kimoja kilicholazwa. Saa kumi walikuwa wamebakiza upande wa ncha tu, na wale kumi na mmoja wakatoka, wakasimama ng'ambo, wakatazama.

Baada ya muda sauti ya Maganga ilikuja juu ya maji. Alisema karai la sasa limezidi maji.

Mwasiti hakupenda kufundishwa kazi, na zaidi hakupenda kufundishwa na mtu aliye hatua mia mbili. Alijibu kwa sauti kwamba ashughulike na mambo yake. Maganga akasema kwa adabu kwamba aliwahi kuwa saidia fundi Kahama miaka miwili, na kwamba udongo ukimwagika kwenye mwiko namna ile, utapasuka ukikauka. Mwasiti alichota kiganja kimoja, akakiminya, maji yakamtoka katikati ya vidole. Alilimwaga karai lote, akaagiza likandwe jingine, akashika tena mwiko mpaka kazi ikaisha.

Kisha waliifunika kwa magunia na kuimwagilia mara tatu kwa siku, kwa siku ishirini na nane. Saruji inayokauka haraka ni kama mtoto anayekuzwa kwa fimbo, Mwasiti aliwaambia, itasimama lakini haitabeba. Katika siku hizo jioni alikaa na Limi jikoni, akasikia mengine. Limi alikuwa na miaka mitano ya kwenda na kurudi. Shamba lilikuwa kwa jina la Maganga, na mashemeji walikuwa wameanza kulitembelea na kulipima kwa hatua. Kila ofisi ilimtaka alete cheti cha kifo. Kila aliyetoa vyeti alimtaka alete maiti, au karatasi ya kampuni inayokiri. Kampuni, kwa barua ya wakili wake, ilisema haiwezi kukiri kifo cha mtu ambaye hakuwepo. Limi alizisimulia barua hizo bila kupandisha sauti, akimenya viazi. Mwasiti ndiye aliyekuwa akipandisha.

"Wewe hukasiriki, Mama Vumilia?"

"Nilikasirika mwaka wa kwanza na wa pili," Limi alisema. "Sasa hivi nataka ale chakula cha moto."

Siku ya ishirini na tisa watu arobaini waliisukuma mashua juu ya magogo ya mikaratusi mpaka majini. Ikaelea. Hakuna aliyepiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameambiwa itaelea, na mwenyekiti alisema alijua tangu mwanzo. Mwasiti aliingia, akaipapasa ndani kote kwa kiganja kikavu, na kiganja kikabaki kikavu. Saa kumi Limi na Martina, mke wa mmoja wa wale kumi, walishika makasia, wakavuka. Wanaume walipanda mmoja mmoja, wakikaa walipoelekezwa, wawili wawili na mmoja nyuma, na kwa kila aliyekaa mashua ilishuka upana wa vidole viwili hivi, kama Mwasiti alivyokuwa ameipigia hesabu. Walivuka. Walipofika walishuka, wakasalimia, kila mmoja akashika njia ya kwao, na nyayo zao zilizama kwenye udongo mpaka kwenye kifundo.

Nyumbani Maganga hakukaa kwenye kiti, maana kisingemmudu; alikaa kwenye jiwe la kusagia lililokuwa nje ya jiko. Alikula michembe ya viazi vilivyokaushwa, iliyopikwa na karanga, sahani mbili. Aliuliza kuhusu ng'ombe mweupe, akaambiwa alikufa. Aliuliza kuhusu Vumilia, akaambiwa yuko sekondari ya bweni. Alinawa, akalitazama paa, akasema bati la tatu limelegea. Kabla ya mapambazuko alikuwa ameshavushwa kurudi ng'ambo, kwa sababu zamu huanza saa kumi na mbili, na kwa kuwa hakuna aliyeandika kwamba imekwisha, ilikuwa bado inaendelea.

Ilikuwa hivyo kwa siku tisa. Siku ya kumi alikuja afisa wa ukaguzi wa vyombo vya majini. Aliitwa Bwana Sostenes, kijana wa miaka thelathini hivi, shati limepigwa pasi, mkononi ana faili la bluu. Alimwamkia Mwasiti shikamoo kwa heshima zote, akaeleza kwamba ofisini kwao imefika taarifa ya jengo linalovuka maji.

Mwasiti akamwambia si jengo, ni mashua. Sostenes alisema yeye binafsi anaiona ni mashua. Tatizo ni fomu. Fomu ina visanduku vitatu vya kuonyesha chombo kimejengwa kwa nini: mbao, chuma, faiba. Saruji imo kwenye fomu nyingine, ya idara nyingine, na kule inahesabika kuwa ujenzi. Ikiandikishwa kama ujenzi, itahitaji kiwanja, kibali, na choo. Na jengo, kisheria, haliruhusiwi kuhama.

"Kwa hiyo?" Mwasiti aliuliza.

Kwa hiyo, alisema Sostenes, itabidi isimame mpaka ofisi ishauriane. Alitoa mnyororo kwenye mkoba wake, akaomba radhi, akaifunga mashua kwenye mkaratusi.

Ofisi ilishauriana majuma matatu. Kila siku saa kumi wale kumi na mmoja walitoka, wakasimama ukingoni mashariki, wakaiona mashua yao imefungwa ng'ambo. Hawakupiga kelele. Limi alipika kila jioni, na kila jioni aliweka sahani ya pili, akaifunika kwa kawa. Mwasiti angeweza kurudi Nyahanga, alikuwa na tangi la msikiti linalomngoja. Hakurudi. Alipanda pikipiki mara nne kwenda kwenye ofisi ya ukaguzi, akiwa amebeba bakuli la udongo kwenye kikapu, na mara zote nne alilielesha kwenye ndoo mbele ya watu wenye tai, nao waliitikia kwa vichwa, wakakubali kwamba linaelea, wakasema hata hivyo fomu ni ileile. Safari ya nne hakutoka. Alikaa kwenye benchi na kikapu chake kuanzia ofisi ilipofunguliwa, akasema ataondoka na Sostenes au hataondoka. Saa nane mkubwa wa Sostenes alitoka ndani, akasema basi iandikwe chuma, kwa kuwa wavu na nondo ni chuma, na saruji ichukuliwe kama rangi.

Ilikuwa uongo, na Mwasiti alijua ni uongo, na uongo huo ulimchoma kuliko kukataliwa. Alikubali.

Walifika Mwalubuga saa kumi kasoro. Sostenes alifungua mnyororo, akavuka na akina Limi na Mwasiti hadi ng'ambo, ili aandike upande wa pili wa karatasi ilhali abiria wako mbele yake. Aliwaamkia wale waliomzidi umri, akawahesabu, akawagawia maboya ya kuvaa, maana hilo ni la lazima, nao wakayavaa, wakayafunga kamba kifuani. Kisha akafungua ukurasa wa pili, wenye visanduku vya abiria, maiti na mzigo, na hapo kalamu ikasimama.

Alisema pana shida ndogo. Akiwaandika abiria, atakuwa amethibitisha kwamba ni watu hai, na atahitaji namba za vitambulisho vinavyotumika. Akiwaandika maiti, atahitaji vyeti vya kifo, kimoja kwa kila mmoja.

"Mnavyo?" aliuliza.

Limi akasema hivyo ndivyo anavyovitafuta kwa mwaka wa tano. Akamwomba aandike tu marehemu, na majina. Neno moja na majina kumi na moja. Karatasi ya serikali ikiwa na hilo, alisema, ataanzia hapo.

Sostenes aliangalia upande wa maji, akaangalia faili. Alisema, na uso wake ulionyesha kwamba si jambo alilolipenda, kwamba taarifa ya tukio ipo na imesainiwa, na inasema hapakuwa na mtu. Yeye hana mamlaka ya kuongeza watu kwenye tukio. Kilichobaki ni kisanduku cha tatu, mzigo. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wao ni mwamba, angeweza kwa haki kabisa kuandika mawe. Mawe, vipande kumi na moja, tani tatu na nusu. Mwenye chombo asaini hapa.

Mwasiti alimwambia mambo ambayo hakuwahi kumwambia afisa yeyote. Alimwuliza kama mama yake mzazi angependa kusainiwa jiwe. Alimwuliza nani alimfundisha kusoma. Sostenes aliinamisha kichwa, akayapokea yote, akaendelea kushika kalamu akiielekeza kwa Limi. Limi aliichukua. Alisimama nayo muda mrefu, miguu majini, kitenge kimelowa hadi magotini. Ndani ya mashua Maganga alikuwa ameshakaa mahali pake, boya la rangi ya machungwa limembana mabega.

"Saini, Mama Vumilia," alisema. "Chakula kinapoa."

Limi akasaini.

Kilibaki kisanduku cha jina la chombo. Mwasiti alisema jina analo, akayataja majina yote kumi na moja, moja baada ya jingine, na ukoo wa kila mtu. Kama hawawezi kuandikwa kuwa watu, alisema, waandikwe kuwa mashua. Sostenes alifikiri, akasema sheria haikatazi. Lakini nafasi ni za herufi kumi na nne. Walijadiliana kidogo pale ukingoni, na wale waliokaa ndani wakachangia, wakakubaliana liwe Maganga na Wenzake. Sostenes aliandika herufi moja kwa kila chumba, akiacha vyumba vitupu kati ya maneno kama inavyotakiwa, mpaka vyumba vikaisha. Cheti kilipokuja kilisema MAGANGA NA WEN. Na kwa sababu jina la ubavuni lazima lifanane na la kwenye cheti, Mwasiti aliandika hivyohivyo kwa rangi nyeupe, MAGANGA NA WEN, kisha akarudi Nyahanga kwenye tangi la msikiti, ambalo lilikuwa limesubiri mwezi mzima.

Mwaka uliofuata aliitwa kwa ukaguzi, kwa kuwa fundi aliyejenga naye hutakiwa kuwepo. Mashua ilikuwa salama. Mkwaruzo mmoja upande wa ncha, walipoikokota juu ya changarawe, akaukandia kiganja cha saruji na kuuziba kabla chai haijapoa. Aliigonga ubavu kwa mpini wa mwiko, ikamjibu mlio mkavu, wa juu kuliko ule wa mwaka jana. Shemeji wawili wa Limi walikuwa wamelima sehemu ya chini ya shamba.

Sostenes alikuja saa tisa na nusu, anatabasamu. Kwa mara ya kwanza alikuwa na habari njema, na alimtafuta Mwasiti kabla ya mtu mwingine yeyote ili ampe mkononi. Ilikuwa fomu mpya, karatasi inanuka wino. Alimweleza kwamba walifanya vikao viwili juu ya jambo lile, kwamba lile bakuli la udongo lilitajwa kwenye muhtasari, na kwamba sasa ni rasmi kwa kanda nzima. Mwasiti alivaa miwani. Palikuwa na visanduku vinne: mbao, chuma, faiba, saruji.

Alikisoma kile cha nne mara mbili. Alijisikia vizuri, na hali hiyo ilidumu kwa muda wa kufunua ukurasa. Ukurasa wa pili ulikuwa na abiria, maiti, na mzigo, na chini ya abiria namba za vitambulisho, na chini ya maiti vyeti vya kifo.

"Na hapa?" aliuliza.

Sostenes akasema ukurasa wa pili si wa ofisi yao.

Ilikuwa saa kumi. Ng'ambo watu walikuwa wakipanda ukingo na kukung'uta matope. Walivuka kuwafuata, Limi na Martina kwenye makasia, Mwasiti katikati, Sostenes nyuma na faili lake. Walipofika, Sostenes alibonyeza kalamu, akaandika mawe, vipande kumi na moja, kisha akasogea pembeni, kwa sababu njia ni nyembamba. Mawe yakashuka ukingoni mmoja mmoja, yakamwamkia fundi, yakamwuliza habari za Nyahanga, yakavaa maboya, yakakaa kila moja mahali pake. Mashua ikashuka mpaka kwenye alama ya mzigo ubavuni, ikatulia, na Limi akasukuma kasia.